Shokapu moja au shokapu mbili? Wenye uzoefu wa baiskeli za milimani njooni

Kijana wa Soni
Habari za majukumu wakuu. Nipo Lushoto, miaka 31, kilo 78. Nataka baiskeli ya milimani, zimebaki mbili na wiki hii yote sijalala vizuri.

Ya kwanza ipo Tanga mjini. Shokapu ya mbele tu, nyuma fremu kavu, wauzaji wanaziita haditeli. Ringi 29, breki za diski za mafuta, bei 750,000. Ya pili ipo hukuhuku Lushoto, shokapu mbele na nyuma, zote zinazama milimita 140, ringi 27.5. Bei 1,900,000 na maongezi yapo.

Njia zangu ni za huku milimani: mizizi, mawe, na huu udongo mwekundu ukinyeshewa ni sabuni. Ya shokapu mbili sijawahi kupanda maishani, ndiyo maana nauliza. Moyo umeegemea ya pili. Matusi hapana.

Mzee wa Phoenix
Mwaka 1988 nilikuwa natoa mahindi shambani mpaka Korogwe kwa Phoenix, debe mbili nyuma, mdogo wangu mbele kwenye bomba. Shokapu yangu ilikuwa magoti. Leo nina miaka 61 na magoti yapo. Vijana mnalelewa sana.

Kaka Mkubwa Ilala
Mzee Phoenix alikuwa anabebwa na neema. Mleta mada chukua ya shokapu mbili, maisha yenyewe mafupi.

Fundi Beringi
Kabla hatujafika mbali, nijibu matatu. Unaenda nayo wapi hasa? Unabeba nini? Nani ataihudumia?

Nikisubiri, niseme hili. Milimita 140 nyuma ni baiskeli iliyotengenezwa ikiwaza kushuka. Ukiwa unateremka na mawe yanakuja, gurudumu la nyuma linafuata ardhi badala ya kukurusha, unakaa kama uko kwenye kochi. Kupanda ndiko kwenye kesi. Kila ukikanyaga pedali nyuma inanesa, nguvu ya chapati zako inaishia kwenye kunesa. Nyingi zina kiswichi cha kuifunga shokapu wakati wa kupanda. Ya kwako kinafanya kazi?

Halafu matunzo. Nyuma kuna viungio na kila kiungio kina beringi zake. Vumbi la kiangazi likiingia, tope la masika likamalizia, nyuma inaanza kucheza kama jino bovu. Shokapu za hewa, wapo watengenezaji wanaotaka sili zisafishwe kila baada ya saa 50 za kupanda. Nimesema saa, siyo miezi. Na hujazi kwa pampu ya sheli, presha yake inaweza kupita psi 200, inataka pampu yake ndogo ya mkono. Mimi nipo Arusha kwenye wageni wa baiskeli kila siku, na bado sili nyingine nazisubiri wiki sita zije na ndege.

Mtazamaji wa Mbio
Fundi anawatisha. Olimpiki ya London 2012, Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alimpita Schurter wa Uswisi mita za mwisho kabisa. Kulhavý shokapu mbili, Schurter shokapu moja. Rio 2016 Schurter akachukua dhahabu, safari hii yeye mwenyewe juu ya shokapu mbili. Mjadala ulifungwa kitambo.

Fundi Beringi
Schurter ana fundi wa kumsubiri kwenye mstari wa kumaliza. Kijana wa Soni ana mimi kwenye simu. Na baiskeli zile za mbio zinazama kama milimita 100, nyepesi, hazifanani na hiyo ya 140.

Kijana wa Soni
Asanteni. Kiswichi kipo ila hakishiki vizuri, siyo tatizo kubwa nadhani. Natumia kwa mazoezi na kazi kidogo. Breki zake ziko poa sana, ukishuka Irente pale kwenye mikaratusi unashika kwa kidole kimoja tu. Hiyo ya Tanga nyuma ni kavu, naogopa mgongo.

Fundi Beringi
Kazi kidogo gani?

Kijana wa Soni
Natembeza wageni, kwa miguu. Kuna mwenye nyumba ya wageni anataka tuanze na baiskeli, Lushoto kwenda Magamba, na wengine wafike mpaka Mtae walale huko. Baiskeli za wageni anatoa yeye. Ya kiongozi najitegemea.

Fundi Beringi
Na chakula cha mchana cha wageni, maji, pampu, tyubu za akiba, anabeba nani?

Kijana wa Soni
Mimi.

Fundi Beringi
Ungeanza na hilo ndugu yangu. Shokapu mbili nyingi hazina pa kufunga keria, mgongo wa nyuma wote unacheza. Utabeba kilo 12 mgongoni siku nzima halafu useme unaogopa mgongo. Ya Tanga angalia karibu na ekseli ya nyuma kama kuna vitundu vya bolti za keria. Vikiwepo umemaliza. Tairi weka pana, inchi 2.35. Kama rimu inaruhusu, toa tyubu weka maji ya kuziba, upepo shusha mpaka psi 25 hivi. Mawe mengi hutayasikia. Hela inayobaki nunua breki pedi na helmeti ya maana.

Mama Wawili
Mimi baiskeli sizijui ila najua wanaume. Mume wangu aliwahi kununua pikipiki "ya kazi", ikafanya kazi ya kwenda kuangalia mpira. Mdogo wangu, mkeo anasemaje kuhusu hiyo 1,900,000?

Kijana wa Soni
Dada, mke anajua natafuta baiskeli. Fundi nimekuelewa, lakini keria si lazima, kuna begi zuri nimeliona. Na mgeni akimkuta kiongozi yuko kwenye baiskeli ya maana anapata imani. Kushuka ndiko wanakotaka, kupanda tunaweza kusukuma.

Kaka Mkubwa Ilala
Mgeni kalipa dola zake aje kusukuma baiskeli Usambara 😂

Mwanasheria Bila Ofisi
Huyu anajibu kama mtu aliyekwisha lipa. Mkuu, umetanguliza shilingi ngapi?

Kijana wa Soni
Kidogo tu, kushikilia.

Mwanasheria Bila Ofisi
Kidogo ina tarakimu.

Kijana wa Soni
400,000.

Mwanasheria Bila Ofisi
Mmeandikishana?

Kijana wa Soni
Muuzaji ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Aliachiwa na mgeni aliyerudi kwao. Sasa shemeji utamwandikisha wapi.

Mzee wa Phoenix
Shemeji ndiye wa kuandikishana naye kuliko wote. Mimi na shemeji yangu tuligombana kwa ajili ya ng'ombe mmoja, tumekuja kusalimiana msibani baada ya miaka tisa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mgumba.

Nyani Mchunguzi
Samahani naingilia shughuli. Mimi nimekaa nasoma uzi kuanzia juu. Posti ya kwanza: "ya shokapu mbili sijawahi kupanda maishani." Kule katikati: "ukishuka Irente pale kwenye mikaratusi unashika kwa kidole kimoja tu." Kidole cha nani?

Wakuu hii ni chai. Tena ya maziwa. Ama hakuna baiskeli, ama huyu ndiye muuzaji anapima bei kabla hajaweka tangazo. ID imefunguliwa mwezi huu huu.

Kaka Mkubwa Ilala
Chai yenye tangawizi. Naomba kitumbua.

Mtazamaji wa Mbio
Mimi niliona tangu mwanzo.

Fundi Beringi
Hukuona chochote, ulikuwa unatuelezea Olimpiki.

Mama Wawili
Muacheni ajibu.

Nyani Mchunguzi
Saa tatu sasa. Kimya. Nawaambia.

Kijana wa Soni
Nilikuwa kazini, siyo kila mtu anashinda humu. Mimi siuzi chochote.

Sawa. Nimeipanda. Shemeji aliniazima Jumamosi mbili zilizopita nijaribu. Nikaenda nayo Irente, nikarudi, Jumapili nikaenda tena na vijana wawili. Kuna mahali njia imekatwa na mtaro wa mvua, wao walishuka wakabeba, mimi nikaruka. Nikatua vibaya, tairi ya nyuma ikapiga ukingo. Sikuumia, kiwiko tu.

Nilipoiosha nikaona mafuta kwenye mhimili wa shokapu ya nyuma, kama pete, vumbi limeshikana juu yake. Na pale bomba la siti linapokutana na kile kiungio cha shokapu kuna mstari kama unywele. Nikadhani rangi imechubuka. Jioni nilipomrudishia shemeji kulikuwa na giza na hakuangalia. Nikamwambia nimeipenda, nikampa 400,000 papo hapo. Ilikuwa ada ya mtoto ya muhula, mke hajui hilo.

Sasa naanzaje kusema siitaki?

Kaka Mkubwa Ilala
Daah. Narudisha kitumbua.

Mama Wawili
Ada ya mtoto. Nilijua kuna kitu. Mdogo wangu, mwambie mkeo leo, usingoje shule ifungue. Kesi ya baiskeli itaisha. Hiyo nyingine ikikuta imefichwa haiishi.

Nyani Mchunguzi
Mimi bado nina asilimia 40 za chai. Picha.

Fundi Beringi
Achana na picha, unywele hauonekani kwenye picha ya simu. Kijana, sikiliza. Baiskeli iko wapi sasa?

Kijana wa Soni
Kwa shemeji, ukumbini. Nikisema nakuja kuiangalia hashangai.

Fundi Beringi
Nenda na mwenzako na tochi. Kwanza futa pale kwenye mstari kwa kitambaa chenye petroli kidogo, rangi iliyochubuka utaiona mipaka yake, ufa utabaki palepale. Pili, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama ni ufa. Tatu, mwenzako akae kwenye siti akanyage chini taratibu, wewe uko na tochi. Ufa unafunguka. Angalia ndani: pakiwa peusi, pana uchafu, ufa ni wa zamani. Pakimeremeta ni mpya. Mwisho, shika siti inyanyue juu na chini, usikilize viungio.

Na mtu asikwambie upeleke kwa fundi wa mageti akauchomelee. Fremu ya alumini imepitishwa kwenye joto maalumu kiwandani ili iwe ngumu. Ukiichomelea mtaani, pale pembeni ya weldi panalainika, na itakatika ukiwa unashuka, mbele ya wageni.

Mtazamaji wa Mbio
Mimi ningeirudisha kimyakimya. Kwani nani aliona.

Mzee wa Phoenix
Na shemeji akiipanda yeye ikakatika kwenye mteremko? Wewe mtoto una utani mbaya.

Kijana wa Soni
Nimetoka huko. Ukucha unakwama. Rafiki yangu alipokaa, mstari ukafunguka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Urefu kama sentimita tatu. Ndani ni peusi karibu wote, uchafu umekaa kabisa, ila mwishoni kuna kipande kama punje ya mchele kinameremeta. Na siti ukiinyanyua kuna "kloki" nyuma kabla gurudumu halijaondoka chini.

Fundi Beringi
Basi ufa ulikuwepo kabla yako, mgeni aliondoka akiuacha. Wewe umeongezea punje ya mchele. Beringi nazo zimekwisha, hizo hazifi kwa mruko mmoja. Mafuta ya shokapu siwezi kukuapia, sili iliyochoka huanza polepole halafu siku moja ikakataa. Ila fremu ndiyo baiskeli. Hapo pa kupanda hakuna tena, aidha wewe aidha yeye. Bei ya haki ya hicho kitu ni shokapu ya mbele, magurudumu, breki na gia. Spea tupu.

Mwanasheria Bila Ofisi
Kwahiyo unakwenda na hoja, siyo na aibu. Mwoneshe yeye mwenyewe, mwenzako akae kwenye siti, aone ndani kweusi. Kisha mwambie na mruko. Usianze na hela.

Kijana wa Soni
Nikimwambia na mruko si atasema nimeivunja mimi?

Mama Wawili
Vijana wawili walikuona ukiruka. Lushoto hiyo. Unadhani hajasikia?

Kijana wa Soni
Eh.

Nyani Mchunguzi
Asilimia 15.

Kijana wa Soni
Mrejesho. Mke nilimwambia jana usiku. Sitaandika alichosema. Leo twende wote, akasema, ni kaka yangu.

Shemeji alikuwa ameshasikia habari za mruko tangu Jumatatu ile. Alikuwa ananingoja. Nikamwonesha ufa, akakaa kimya, akachukua tochi akaangalia mwenyewe, akamwambia mke wangu akae kwenye siti tena. Mwisho akasema mgeni alimwambia "usiruke nayo", akadhani ni ushauri wa kawaida. Laki mbili karudisha hapohapo. Laki mbili zimebaki kwa ajili ya punje ya mchele, amesema tutaona akiuza spea. Mke kasema tuache hivyo. Ada tutajazia na viazi.

Kaka Mkubwa Ilala
Laki mbili kwa punje. Mchele wa Kyela huo.

Fundi Beringi
Shokapu ya mbele akiuza aniambie, hapa Arusha kuna mtu anaitafuta ya 140.

Mtazamaji wa Mbio
Wakuu, kwani ile ya Tanga ya 750,000 bado ipo? Ringi 29, breki za mafuta, hiyo bei ni ya kuokota. Mwenye namba ya muuzaji anitumie kwenye boksi.

Kijana wa Soni
Mkuu hiyo niachie. Nilimpigia asubuhi, vitundu vya keria vipo.