Naomba ushauri: jumuiya yetu imebaki ya michango tu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo huku Mbagala, Dar es Salaam. Tunasali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa la majirani wanaojuana. Na kwenye msiba kweli tunajuana: turubai, viti na masufuria hufika kabla ndugu wa mbali hawajashuka basi. Hapo simlaumu mtu.

Shida ni Jumamosi za kawaida. Injili inasomwa, kimya, mama mmoja (yule yule kila wiki) anatafakari, kisha daftari la michango linafunguliwa na hapo ndipo sauti zinapanda. Vijana hawaonekani mpaka watake barua ya ndoa au ya ubatizo wa mtoto. Wapangaji wapya wanaogopa kutukaribisha kwa sababu chumba ni kimoja na chai ya watu wote hawaimudu. Binafsi naona hiyo chai inatuponza, ila wazee hawataki kusikia.

Nimependekeza zile hatua saba za kushirikishana Neno, kila mtu ataje mstari uliomgusa. Mwenyekiti anasema zitatuchelewesha kazini.

Mliofanikiwa, mlianzaje? Michango mliihamishia siku nyingine? Vijana mliwapa uongozi, au wana jumuiya yao? Walutheri nanyi mna jumuiya mitaani, karibuni mchangie mawazo.