Kupandisha busti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini) ya injini ya Toyota 1JZ-GTE ambayo haijaguswa

Wakuu habari, nina gari Toyota Chaser JZX90, turbo mbili za kiwandani, nataka kutoa busti bar 0.7 niipeleke bar 1.2 bila kubadili kitu kingine, injini itavumilia kweli?

Jibu: Mkuu injini ngumu, shida ni hizo turbo, gurudumu la upande wa ekzosi ni la kauri, ukivuka bar 1 linaweza kupasuka. Mi nilifungua bomba nikakuta shafti tupu, gurudumu halipo, iliniuma sana aisee. Ishia 0.8 hivi.

Jibu: Naongezea, funga geji ya busti kwanza, tia petroli ya oktani 95, na ukikanyaga mafuta ukasikia kama kokoto zinagonga kwenye kopo achia hapohapo, hiyo ni noki (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda) inakula pistoni.

Asanteni wakuu, kesho naanza na geji.