Naomba ushauri: kanga wazima wa kufuga, Arusha au Moshi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Nipo Ngaramtoni, nataka kanga wanne wa kufuga nyumbani kwa mapenzi tu, si kwa kitoweo wala biashara.

Mwezi wa saba nilinunua vifaranga sita kwa mtu aliyekuwa akiwapitisha sokoni kwenye tenga. Walikuwa wamejikunyata, mavi ya kijani yameganda mkiani. Niliwahurumia, nikawachukua. Baridi ya huku mnaijua. Ndani ya siku tano wote walikufa, na kuku wangu watatu wakafuata. Mtaalamu wa mifugo alisema dalili ni za mdondo. Iliniuma sana.

Sasa namtafuta mfugaji anayeangua mwenyewe, atakayekubali nione banda na kanga wazazi, na kunionyesha tarehe za chanjo. Hata Moshi nitafuata. Wa kukamatwa porini sitaki kabisa.

Ninunue wa umri gani ili wazoee banda, wasirukie kwa jirani? Na suala la kibali, mliofuga mlianzia TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kabla ya kununua, au muuzaji ndiye aliyewapa karatasi? Mwenye kumjua mfugaji mwaminifu naomba anielekeze.