Naomba ushauri: picha zangu zinauzika, lakini sioni kama ni zangu

MchoraMitumbwi

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni kijana wa Kirumba hapa Mwanza, naishi kwa brashi. Mchana naandika majina na namba kwenye mitumbwi, mabango ya saluni na ya maduka ya vipuri. Jioni nachora picha za kuwauzia watalii wanaopitia huku kwenda Serengeti: tembo, twiga, Wamasai wakiruka, jua likizama nyuma ya mbuyu. Mkono wangu uko vizuri, na wanaolipa wanasema hivyo.

Mwezi uliopita mama mmoja mgeni alizitazama kazi zangu zote kwa utulivu, kisha akauliza, "Ya kwako ni ipi?" Nikamwambia zote nimechora mimi. Akasema hizi amezikuta Zanzibar, Arusha na Dar. Yeye anataka ile ambayo ningeichora hata kama hakuna wa kuinunua. Sikuwa nayo. Tangu siku hiyo nikikaa mbele ya ubao mkono unakwenda wenyewe kwa twiga. Nikifungua simu kutafuta mawazo ndiyo napotea zaidi, kila kizuri ninachokiona natamani kukiiga.

Naomba wenye uzoefu wa sanaa yoyote, iwe uchoraji, muziki, ushairi au ngoma: mtu anaupataje mtindo wake? Na wakati anautafuta, kodi ya chumba analipa na nini?

Nawasilisha.

Fundi wa Igoma

Dogo, twiga usimwache. Anakulipia chumba. Mtengee siku zake, na siku nyingine ziwe za kutafuta. Mtu mwenye njaa hatafuti mtindo, anatafuta mteja.

Mwalimu Rangi

Mdogo wangu, pole, na hongera kwa kuliuliza hili mapema.

Hizo picha unazoziiga zina mwanzo wake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hakusomea sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hana turubai wala rangi za wasanii. Alichokuwa nacho ni vipande vya hadbodi, yale mabapa membamba ya unga wa mbao ulioshindiliwa, na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Rangi ile haikubali kirahisi vivuli laini vinavyofifia polepole. Inataka mstari safi, eneo bapa, madoa. Ukitazama kazi zake za mwanzo utaona mara nyingi mnyama mmoja tu, na nyuma yake rangi tupu. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo yote aliyotuachia ni ya miaka michache sana. Baada yake ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, soko likataka wanyama wengi zaidi na mapambo zaidi, na baadhi yao wakatoka na mitindo yao wenyewe.

Nakueleza haya ili uone kwamba mtindo ule ulikuwa jibu la swali la mtu fulani: nina hadbodi na rangi ya baiskeli, nifanye nini? Wewe umechukua jibu lake ukaacha swali. Jiulize la kwako. Una nini mkononi ambacho mchoraji wa Zanzibar hana? Umesema mwenyewe, unaandika kwenye mitumbwi. Una brashi ya herufi, mkono unaojua kuvuta mstari mnene bila kutetemeka juu ya mbao zilizopinda, na rangi inayohimili maji. Mbona hayo yote unayaacha ufukweni ukienda kuchora picha?

Zoezi: chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe, ukichore kila siku kwenye daftari la kawaida, simu ikiwa mbali. Mwanzoni utachora kile ulichokwisha kukijua kichwani. Utachoka. Usiache hapo. Kichwa kikiishiwa ndipo jicho linaanza kufanya kazi.

Mama Dagaa

Mwanangu, mimi si msanii, nafanya biashara soko la samaki la Mwaloni, ila nina la kusema.

Nyie wachoraji ziwa letu mnalipaka buluu tu. Njoo alfajiri uone kama ni buluu. Siku nyingine ni kijivu kabisa, siku nyingine kijani ya mwani inafika hadi kwenye mawe. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanawasha taa, zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia za betri na sola, ukikaa mlimani unaziona zimetapakaa majini. Mbalamwezi ikiwa kubwa ufukwe unapoa, hakuna mzigo, akina mama tunakaa tunasukana nywele. Dagaa wabichi wanang'aa, wakikauka wanageuka rangi nyingine kabisa, na mimi kwa rangi hiyo najua kama walinyeshewa. Na mjusi wetu wa mawe, lile dume lenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, yupo kwenye kila jiwe Mwanza nzima. Nani amemchora?

Nitafurahi kuona ziwa langu ukutani. Ila ukikosea dagaa nitakwambia.

Nyanda wa Kisesa

Mwangaluka!

Kwetu Usukumani ubunifu ulikua kwa ushindani. Kuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, watazamaji wanahama wanavyopenda, na upande uliovuta watu wengi ndio mshindi. Kwa hiyo manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hawezi kurudia ya mwaka jana. Ndiyo maana utakuta ngoma za nyoka, za nungunungu, za majembe yanayorushwa hewani. Hata hivyo kila manju alianza kwa kuimba nyimbo za aliyemfundisha, kwa hiyo kuiga kusikutie aibu. Njoo Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi wa Juni wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, ujionee. Kutoka mjini ni daladala tu, barabara ya Musoma.

Ushauri wangu: tafuta mchoraji mwenzako, tundikeni kazi zenu pamoja mahali watu wanapopita, mkae pembeni mtazame wanasimama wapi.

Malenga wa Musoma

Ndugu Nyanda, hapo nakupinga kwa heshima. Huo umati ndio uliomfikisha kijana kwa twiga. Watu husimama kwenye kile wanachokifahamu tayari. Mimi natunga mashairi, na beti zangu zenye uhai ni zile nilizozificha mpaka zikakomaa. Kijana, baadhi ya kazi usimwonyeshe mtu yeyote kabla hazijaisha. Na usikimbilie kuchukua alama za mila za Wasukuma ukazipachika ili picha ionekane ya Mwanza, kama hujui zinasema nini.

Nyanda wa Kisesa

Malenga, nakuelewa, na la alama tuko pamoja. Lakini umati wa Bulabo si sawa na mtalii wa siku moja. Bibi aliyekaa pale ameiona ngoma tangu utotoni. Ukimletea kitu kilekile anakugeuzia mgongo. Kijana amekuwa akihukumiwa na wasiomjua mjusi wala dagaa. Amwonyeshe Mama Dagaa.

MchoraMitumbwi

Shikamoo Mama Dagaa, na wakubwa wote. Nimewasoma zaidi ya mara moja.

Jumapili nilikwenda na daftari kwenye mawe ya nyuma ya Mwaloni. Mijusi haitulii, ukimaliza kichwa mwili umeshahama, ikabidi nichore haraka bila kupendezesha. Nyumbani nikachukua brashi ya herufi, mgongo nikauvuta kwa mstari mmoja kama navuta herufi S kwenye mtumbwi. Ni mbaya bado, miguu imenishinda, lakini sijawahi kuuona mstari ule kwenye picha ya mtu mwingine. Twiga wanabaki siku za kuelekea wikiendi, kama alivyosema Fundi.

Sasa nataka kuhamia kwenye hadbodi na rangi yangu ya mitumbwi. Tatizo kipande nilichojaribu kimepinda baada ya kukauka. Nifanyeje?

Fundi wa Igoma

Umepaka upande mmoja tu, ndiyo maana. Pitisha praima, rangi ile ya msingi, pande zote mbili na kwenye kingo, acha ikauke kivulini, usianike juani. Piga msasa laini, futa vumbi, ndipo uchore. Mipako iwe myembamba, na wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili, la sivyo juu patakunjamana. Kama kipande ni kikubwa, gongomea fremu ya mbao kwa nyuma.

Nina mabaki ya hadbodi hapa karakana, pita uchukue kabla ya Jumamosi. Miguu ya mjusi usiipake kwa brashi ya herufi, ni nene mno. Nitakupa ile nyembamba ya kuandikia namba za simu.