Familia ya Ngamiani: Siku ya Fainali

*Jumamosi, 2 Julai 2022*

Rama (Arusha): Assalaam aleikum wanafamilia. Nimeshaingia uwanja wa Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho. Kijani na njano ya Yanga imejaa mpaka macho yanauma. Wagosi wa Coastal Union tumebanwa upande mmoja ila tupo.

Baba Mkubwa: Waaleikum salaam. Kelele mtapiga baadaye, sasa hivi dua.

Shangazi: Kabla hamjaanza mpira wenu, michango ya ng'ombe wa Idi vipi? Idi ni wiki ijayo na waliotoa wanahesabika. Shem Kitwana, nakuangalia wewe.

Kitwana: Shikamoo shangazi. Leo nikishabeba kombe nakutumia yote kwa mkupuo.

Shangazi: Marahaba. Na ukilikosa?

Kitwana: Tumemaliza ligi nzima hatujafungwa hata mechi moja. Leo ndio tuje kufungwa na Coastal?

Idd: Mimi sina upande leo.

Zainabu: Huyo hana upande tangu Mwanza 😂

Idd: Ile nusu fainali Simba tulifungwa na Yanga kwa shuti moja tu la Fei Toto. Moja!

Kitwana: Bao moja linatosha, shemeji yangu. Hatukuwa na haja ya la pili.

Zuhura (Muscat): Mie niko kazini, simu naiibia. Rama nakuomba usiandike insha. Niandikie goli na mfungaji, basi.

Rama (Arusha): Wameanza.

Rama (Arusha): GOOOOLI

Zuhura (Muscat): La nani???

Rama (Arusha): Sopu! Abdul Sopu! Hata watu hawajakaa vizuri!

Baba Mkubwa: Mgosi huyo! Allahu akbar.

Zainabu: Kitwana anajifanya anatafuta chaja. Chaja iko mkononi.

Kitwana: Dakika tisini ni nyingi. Mtanitafuta.

Shangazi: Kwani hao Coastal walifikaje fainali? Mimi najua wanaponea kushuka kila mwaka.

Baba Mkubwa: Mwanaisha, mdogo wangu, usitutie nuksi. Waliwatoa Azam nusu fainali, hapohapo Arusha, kwa penalti za matuta. Azam ile ya mamilioni.

Idd: Na hao Yanga wanaojigamba, robo fainali Geita Gold iliwapeleka matuta pia. Walipona kwa tundu la sindano. Hilo hawalisemi.

Kitwana: Tulipita au hatukupita?

Rama (Arusha): Mapumziko. Tunaongoza moja bila. Kocha wetu Mgunda amesimama mstarini muda wote, sijui koo lake lina hali gani.

Baba Mkubwa: Nyie watoto hamjui tulikotoka. 1988 tulichukua ubingwa wa bara, nikiwa kijana na nywele zangu zote. Halafu 2016 Tanga ikashusha timu tatu msimu mmoja: Coastal, African Sports na Mgambo. Mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Na mwaka huohuo nusu fainali ya kombe hilihili tulicheza na Yanga hapa Mkwakwani.

Kitwana: Ile mechi haikumalizika baba mkubwa. Mashabiki wenu walimrushia vitu mshika kibendera.

Baba Mkubwa: Mimi sikurusha.

Zainabu: Hakuna aliyekushtaki baba 😂😂

Rama (Arusha): Fei kasawazisha. 1-1.

Idd: Huyuhuyu tena! Ana nini na watu huyu.

Kitwana: Shangazi, ng'ombe anauzwaje huko Tanga msimu huu?

Shangazi: Sasa umeanza kuongea maneno ya maana.

Rama (Arusha): Makambo. 2-1 Yanga. Zimebaki dakika chache.

Zuhura (Muscat): Basi naweka simu kwenye pochi. Kila nikiifungua wanafungwa.

Baba Mkubwa: Iweke kabisa mwanangu.

Rama (Arusha): SOPUUUUU

Rama (Arusha): 2-2!!! Mwishoni kabisa! Wenye njano walishaanza kuimba nyimbo za ubingwa!

Zainabu: Zuhura usiitoe hiyo simu, umesikia?

Idd: Hahaha Kitwana upo?

Zainabu: Yupo uani. Anatembea tu.

Rama (Arusha): Tunakwenda dakika thelathini za nyongeza. Vijana wameshika magoti lakini sura zao siyo za watu wanaotaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Rama (Arusha): Sopu tena jamani. La tatu. LA TATU. 3-2 Coastal.

Baba Mkubwa: Simu inanitetemeka. Mtoto mmoja anawafunga Yanga mabao matatu kwenye fainali?

Idd: Nimepata upande. Wagosi wa Kaya oyeee!

Shangazi: Mbona majirani wote wanapiga kelele? Mpaka fundi cherehani kaacha mashine.

Baba Mkubwa: Sasa Mgunda awarudishe nyuma wote. Mpira upigwe Kilimanjaro.

Kitwana: Bado dakika.

Baba Mkubwa: Toka hapa wewe.

Rama (Arusha): 3-3. Nkane. Yule dogo.

Rama (Arusha): Zilibaki kama dakika saba hivi jamani.

Zuhura (Muscat): Nimefungua simu sasa hivi. Nisameheni.

Zainabu: ZUHURA!!!

Rama (Arusha): Matuta. Siangalii, nasikiliza tu upande gani unapiga kelele.

Rama (Arusha): Wao.

Rama (Arusha): Wao tena.

Rama (Arusha): Imeisha. 4-1 kwa matuta. Yanga bingwa.

Kitwana: WANANCHIII 💛💚💛💚 Ngao ya Jamii, ligi na kombe la shirikisho! Shangazi, angalia simu yako, muamala umeingia.

Shangazi: Nimeuona mwanangu. Mungu akuzidishie. Baba Mkubwa, na wewe?

Baba Mkubwa: Niacheni nikaswali.

*Jumapili, 3 Julai 2022*

Baba Mkubwa: Nimelala nikaamka na swali. Kombe hili linatoa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga tayari wana Ligi ya Mabingwa. Kwa nini tiketi asipewe aliyecheza nao fainali?

Idd: Haiendi hivyo baba mkubwa. Tuna nafasi nne Afrika msimu ujao. Yanga na Simba Ligi ya Mabingwa. Za Shirikisho zinashuka kwenye msimamo wa ligi, kwa wa tatu na wa nne: Azam na Geita.

Baba Mkubwa: Azam tuliyemtoa sisi?

Idd: Huyohuyo.

Baba Mkubwa: Na Geita aliyetolewa robo?

Kitwana: Geita wamemaliza wa nne, ligi ni mechi thelathini baba. Mpole wao ndiye mfungaji bora, 17, kamzidi Mayele wetu bao moja. Hawakuokota.

Baba Mkubwa: Mie sisemi wameokota. Nasema kombe nalo ni mashindano. Ukitaka nafasi apewe wa nne wa ligi, kombe liite bonanza tujue moja.

Zainabu: Kwa hilo mimi niko na baba. Mume wangu anisamehe.

Rama (Arusha): Niko kwenye basi, tumefika Korogwe. Kuna mzee ameibeba bendera ya Coastal tangu Arusha, amegoma kuikunja. Dereva mwenyewe Yanga, kamnunulia chai.

Shangazi: Rama pitia mnadani uulize bei, usije mikono mitupu.

*Siku kadhaa baadaye*

Idd: Mmesikia? Sopu kasaini Azam.

Zuhura (Muscat): Siamini.

Rama (Arusha): Kweli. Nimeona picha ameshika jezi.

Baba Mkubwa: Azam tuliyemtoa nusu fainali. Kapewa Afrika, sasa kapewa na mfungaji wetu.

Kitwana: Si kapewa baba, kanunua. Dogo naye ana familia ya kulisha.

Baba Mkubwa: Najua. Simlaumu kijana. Ila wakija Mkwakwani mimi nitakaa jukwaa la mashabiki wao, nimwone karibu, nimuulize lile la tatu alilifungaje.

Shangazi: Kiingilio ujilipie mwenyewe kaka, hela ya kikundi haitoki.