Misemo ya Kiingereza ya "mambo yamekaa sawa": tuitumie au tuachane nayo?

Wadau naomba tulijadili hili. Jamaa mmoja kazini bosi wake aliugua, bosi aliporudi jamaa akamtumia meseji ya Kiingereza eti "glad you are over the hill", yeye alimaanisha mlima umeshavukwa, pabaya pamepita. Kumbe msemo ule maana yake umri umekwenda, umeshazeeka! Alichotaka ni "over the hump", neno moja tu likamponza. Bosi hajajibu mpaka leo.

Sasa wenzake wanasema kama lugha hujazaliwa nayo, andika tu "you are better" uende zako. Mimi nakataa. Tatizo letu tunaikariri misemo yote kwa maana moja ya "poa" wakati kila mmoja una kipimo chake. Kwani kwetu nafuu ni sawa na kupona? Mtu kapata ahueni tu wewe unatangaza kapona, kesho akizidiwa utasemaje? Basi "on the mend" ni nafuu, huyo bado yuko kwenye dawa, "right as rain" ndo kapona kabisa (na msiniulize mvua inaingiaje hapo, mbona tunasema mambo shwari hata tusiojua kuogelea). "Good as new" ni hasa ya kitu kilichotengenezwa kikarudi kama kipya, ingawa hata mtu aliyepona huambiwa hivyo. Halafu "out of the woods" mara nyingi utaikuta imekanushwa, yaani hajatoka porini huyo, msianze kushangilia.

– Mkuu umeeleza vizuri ila umemsahau msomaji. Kama wote mnaoandikiana Kiingereza mmejifunzia darasani, hiyo mvua yako nani ataielewa? Mi naandika kitu kilichonyooka, kama kapona nasema kapona.

– Naunga mkono wa juu. Kuna mtu wetu alimwandikia mteja kwamba mfumo "is back to square one", akidhani anasema umerudi kama zamani. Mteja akapiga simu anahema, maana alichosoma yeye ni kwamba kazi yote imefeli na tunaanza upya!

– Kuhusu msomaji nakubali, sina ubishi. Ila hiyo ya square one mbona hata mimi naitumiaga hivyohivyo, ngoja kwanza nikaangalie meseji nilizotuma.