Mrejesho: impidensi ya antena yangu ya mita 40

Ndugu zangu, niliuliza jinsi ya kupima impidensi (upinzani wa jumla wa antena kwa mkondo wa redio, kwa omu) ya dipoli yangu, yaani antena ya waya wenye pande mbili, ya bendi ya redio ya mita 40 (karibu megahetsi 7), bila kununua mtambo wa maabara. Asanteni sana, nimefanikiwa.

Nilichukua NanoVNA, kile kidude cha kupimia antena kinachoenea kiganjani. Siku ya kwanza kilinivuruga: kilisoma omu 28 na riaktansi kubwa (sehemu ya impidensi inayorudisha nguvu badala ya kuitumia), nikadhani antena ni mbovu. Kumbe nilikuwa napimia chumbani, mwisho wa kebo ya koaksi inayotoka kwenye antena, na kebo hubadilisha impidensi kadiri urefu wake unavyotofautiana na nusu ya wimbi. SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo; 1 ndiyo bora kabisa) ndiyo haibadiliki sana. Kebo ikipoteza nguvu, SWR huonekana nzuri kuliko ilivyo.

Aliyenishauri nifanye kalibresheni (kukisawazisha kidude kwa vitu vya thamani inayojulikana) kule juu, kebo inapokutana na antena, Mungu ambariki. Ncha ikiwa wazi, kisha imefungwa shoti, kisha ikiwa na omu 50. Hiyo ya omu 50 nililehemu mwenyewe: rezista mbili za omu 100 sambamba, miguu mifupi kabisa. Zisiwe za waya uliosokotwa, maana hizo ni koili.

Baada ya hapo ukweli ukaonekana. Waya wa mita 20.1 ulikuwa ukiitikia megahetsi 6.85. Nikakata sentimita 35 kila upande, kidogo kidogo. Sasa kwenye megahetsi 7.1 nasoma omu 46, riaktansi karibu sifuri, SWR 1.1.

Jana usiku nimesikika vizuri kwa wati 20 tu. Nimefurahi mno!